Wekundu Usio wa Mabuyu

Jumanne alikataa mabuyu.
Ndipo nilipojua nyumba ina mgonjwa,
kwa kuwa Shamsa, miaka sita na mapengo mawili mbele,
hajakataa mabuyu tangu ajue kutafuna.
Aliyaweka kiganjani, akayatazama
kama mtu aliyerudishiwa deni asilolikumbuka,
akanikabidhi.

Usiku akawa tanuri la mofa ubavuni mwangu.
Akimeza mate, macho yanafumba,
mabega yanapanda hadi masikioni,
kisha anameza tena, kwa woga,
kama avukaye barabara ya Makupa.
Yateme, nikamwambia. Nikamletea beseni la samawati
na maji ya chumvi vuguvugu,
akayasukutua nusu,
nusu akayameza kwa hasira.

Asubuhi Bi Kauthar akachungulia mlangoni, hakuulizwa:
"Hicho kimio. Kimeshuka. Yupo mtu Kisauni,
mkono wake mwepesi, anakikata mara moja,
hata chai haijapoa."
Nikamshukuru. Jirani ukimjibu vibaya leo,
kesho utamwomba chumvi kwa uso upi?
Nikamfunga mtoto leso, tukashuka ngazi,
nikapita njia isiyokwenda Kisauni.

Tabibu Nyevu ana tochi iliyofungwa raba.
"Panua kinywa, mwana. Sema aaa,
kama unamwita paka aliyepanda paa."
Shamsa akaita paka.
Nami juu ya bega la tabibu nikachungulia
mahali ndani ya mwanangu nisipopajua:
tonsi mbili zimevimba, zakaribia kubusiana,
na juu yake madoa meupe, machicha ya nazi.
"Wekundu ni rangi ya mabuyu," nikasema, kwa haya.
"Mabuyu hayaleti homa," akajibu,
vidole vikishuka chini ya taya,
vikitafuta tezi, vikizipata.

Anakohoa? Hakohoi. Mafua? Hana.
Akapitisha kijiti chenye pamba kooni,
mtoto akamtapikia kiatu,
naye hakurudi nyuma.

"Mara nyingi ni virusi, vyenda vyenyewe,
dawa yake maji, subira, na ya kushusha homa.
Hii ya leo si hiyo. Hii yataka dawa, siku kumi.
Na siku ya nne, atakapoanza kuruka kamba,
usinifanyie hesabu zako. Kumi."
Nimeshafika mlangoni, akaniita:
"Akishindwa kumeza hata mate, akadondokwa udenda,
akishindwa kupanua kinywa, au pumzi ikikwaruza,
usingoje kuche. Hospitali."
Na kimio? nikanong'ona.
"Kiache. Kina kazi yake."

Siku ya nne aliruka kamba.
Siku ya sita akaomba mabuyu, nikampa matatu,
kijiko cha dawa kikitangulia.

Siku ya saba Badi akarudi toka Kongowea hana sauti.
Badi, ambaye kwa koo lile huuza vitunguu
na walio kwenye ndizi wakageuka.
*Vumbi*, akaandika nyuma ya risiti.
Mtu mzima haugui koo, ana vumbi;
hana homa, ana uchovu;
chai hakuimaliza kwa kuwa haikuwa na tangawizi.
Nikamshika akinyatia chupa ya mtoto kabatini.
Ya mtoto ni ya mtoto, nikasema, tena zimebaki siku tatu.
Na kile kijiko mlichokuwa mkichangia uji, wewe na yeye,
leo kitaeleza.

Nikawasha tochi ya simu.
Panua kinywa.
Akatikisa kichwa, na ndevu zake, na heshima zake zote.
Shamsa akapanda stuli, akamshika mashavu:
"Rahisi, baba. Ita paka."

Akaita, kwa sauti ya mlango mkavu.
Paka hakuja.
Machicha nikayaona.

Tukashuka ngazi, safari hii watatu,
Shamsa mbele, anaijua njia.